Kabla ya Kulipa Ada: Jinsi Vyuo Vikuu Vinavyopimwa na Kupewa Ithibati
Mwongozo kwa wafanyakazi wa Ilagala na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mwongozo huu unamhusu mwalimu, mganga, mtendaji wa kijiji, askari magereza, bwana shamba wa michikichi na mfanyabiashara wa dagaa wa Ilagala ambaye tayari ana kazi na anataka shahada bila kuiacha. Mtu huyu hana nafasi ya kukosea mara mbili. Ada anaitoa kwenye mshahara au kwenye mawese, ruhusa ya masomo anaiomba kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza, na akihitimu anategemea afisa utumishi akipokee cheti chake ili abadilishiwe kada au apandishwe daraja. Kwenda Kigoma mjini kuulizia jambo dogo tu kunamgharimu nauli na siku ya kazi. Ndiyo maana walio wengi hujiunga kwa kusikia: fulani anasoma pale, basi na mimi nitasoma pale.

Akiuliza, huuliza swali moja: "Chuo hiki kimesajiliwa?" Swali hilo halitoshi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku tawi lake halina kibali. Tawi linaweza kuwa na kibali huku kozi unayoitaka haina. Kozi inaweza kuwa imeidhinishwa ifundishwe darasani, na anayekuuzia wewe anakuuzia masomo ya masafa ambayo hayajapimwa na yeyote. Swali la kuuliza ni hili: kozi hii, katika kituo hiki, kwa namna hii ya kusoma, kwa mwaka huu wa masomo, imeidhinishwa na nani? Anayejua jinsi vyuo vinavyopimwa ataelewa kwa nini swali linahitaji kuwa refu hivyo.

Nani mwenye mamlaka ya kupima

Vyuo vikuu vya Tanzania, Bara na Zanzibar, viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tume hii iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, na ilianza kazi tarehe 1 Julai 2005. Kabla yake, tangu 1995, palikuwa na Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, lililoundwa wakati serikali ilipofungua mlango kwa vyuo binafsi. Mamlaka ya baraza hilo yalihusu vyuo binafsi. Vyuo vya umma vilizaliwa kwa sheria zake vyenyewe na vilijisimamia.

Hata hivyo, kupimwa na mtu wa nje si jambo geni kwetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na London ndiyo iliyokuwa mdhamini wa ubora wa digrii zake. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Kwa maoni yangu, jambo kubwa lililofanywa na sheria ya 2005 ni kuviweka vyuo vya umma na vya binafsi kwenye mizani moja. Chuo cha serikali hakina msamaha kwa kuwa ni cha serikali, na cha dini hakina msamaha kwa kuwa ni cha dini.

Chombo cha pili ni NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Hili linasimamia vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada, vikiwemo vyuo vya afya na vya kilimo ambavyo vijana wengi wa Kigoma husoma. Hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu zipo taasisi ambazo si vyuo vikuu lakini zinatoa shahada, kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Ithibati ya taasisi hizo hutoka NACTVET, ingawa udahili wa shahada zao unaratibiwa na TCU na kozi zao hutokea katika mwongozo wa udahili wa TCU. Kwa hiyo ukiambiwa "sisi hatuko chini ya TCU", usikimbie, ila usiridhike pia mpaka uonyeshwe kibali cha NACTVET.

Kisha kuna mabaraza na bodi za taaluma: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, Baraza la Famasi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, NBAA kwa wahasibu, na kadhalika. Hizi hazitoi ithibati ya chuo kikuu, lakini ndizo zinazoamua kama mhitimu ataruhusiwa kuitwa daktari, muuguzi, mfamasia au mhandisi. Muuguzi anayetaka kupanda kutoka stashahada kwenda shahada aulize pande zote mbili, TCU na baraza lake. Shahada ambayo TCU inaitambua na baraza haliitambui itakuacha na elimu nzuri na kazi ile ile ya zamani.

Upimaji wa chuo unavyokwenda

Chuo hakizaliwi na ithibati. Waanzilishi huanza kwa leseni ya muda, wakionyesha Tume ardhi, fedha, mpango wa maendeleo na watu watakaoendesha chuo. Wakikamilisha masharti, chuo hukaguliwa na kupewa usajili na ithibati, na hatimaye Hati Idhini, ambayo ndiyo kilele. Kila hatua ina ruhusa zake na mipaka yake. Katika orodha ya vyuo inayotolewa na TCU, mbele ya jina la kila chuo huandikwa hatua kilipo. Chuo chenye Hati Idhini si lazima kiwe kinafundisha vizuri kuliko kisichonayo, lakini kimepita machujio mengi zaidi.

Kazi yenyewe ya kupima huanza chuoni kwenyewe. Chuo kinatakiwa kijipime kwanza, kiandike ripoti ya tathmini yake: malengo ni yapi, kimefikia wapi, kina upungufu gani. Ripoti huenda kwa Tume pamoja na nyaraka. Watumishi wa Tume huzipitia, kisha huteuliwa jopo la wataalamu, wengi wao wahadhiri wa vyuo vingine wenye ujuzi wa fani husika. Jopo husoma nyaraka, hufika chuoni, hukagua, huhoji, huandika ripoti. Chuo hupewa nafasi ya kujibu hoja. Mwisho, kamati ya Tume huipitia na Tume yenyewe huamua: kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha, au kukataa.

Utaratibu wa kupimwa na wenzako wa fani moja unatumika sehemu nyingi duniani. Marekani hata si serikali inayotoa ithibati, bali vyama huru vya upimaji. Faida yake ni kwamba mhandisi hadanganywi na maabara ya mhandisi mwenzake. Udhaifu wake ni kwamba wapimaji na wapimwaji wanafahamiana, na kesho watabadilishana viti. Tume inapozichapisha taarifa zake, orodha na masharti, ndipo mwananchi wa kawaida anapopata sauti katika jambo ambalo vinginevyo lingebaki kati ya maprofesa.

Jopo linatazama nini

Kubwa kuliko yote ni watu. Majengo yanaweza kupakwa rangi wiki moja kabla ya ukaguzi, lakini mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu hatengenezwi kwa wiki. Jopo hutaka orodha ya walimu wa kila kozi, vyeti vyao, mikataba yao, na idadi ya wanafunzi wanaowahudumia. Kwa mujibu wa muundo wa pamoja wa vyuo vyetu, anayeanza kazi ya kufundisha chuo kikuu kama mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi awe na uzamili wenye wastani usiopungua 4.0, mhadhiri kamili awe na uzamivu. Juu yao wako wahadhiri waandamizi, maprofesa washiriki na maprofesa. Kozi inayobebwa na wasaidizi watupu haina uti wa mgongo.

Ujanja unaojulikana sana katika eneo hili ni kuazima majina. Profesa mmoja anaandikwa katika vyuo vitatu, na wanafunzi wa vyuo vyote vitatu hawajawahi kumwona. Wapimaji makini hawaishii kwenye orodha; hutaka kuona nani analipwa mshahara, nani ana ratiba, nani alisahihisha mitihani ya muhula uliopita. Wewe unaweza kufanya ukaguzi huo huo kwa njia rahisi: muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili akutajie walimu wake kwa majina na masomo yao. Akisita, umepata jibu.

Mtaala hupimwa kwa namna yake. Chuo hakiruhusiwi kuketi na kubuni kozi kwa kuwa inauzika. Kinatakiwa kifanye utafiti wa mahitaji, kiite wadau, wakiwemo waajiri, kisha rasimu ipite idara, kitivo au ndaki, Seneti, ndipo ifike TCU. Huko hulinganishwa na Mfumo wa Tuzo za Vyuo Vikuu, ambao unaiweka shahada ya kwanza kwenye ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Shahada ya kwanza inahitaji angalau krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza: darasani, maabara, fildi, kujisomea na kufanya majaribio.

Hesabu hiyo mfanyakazi aishike vizuri, kwa sababu inamlinda kuliko tangazo lolote. Krediti 360 ni saa 3,600. Ukizigawa kwa miaka mitatu unapata saa 1,200 kwa mwaka, yaani saa 23 kila wiki bila kuruka hata wiki moja, juu ya kazi yako, shamba lako na familia yako. Anayesema atakupa shahada kwa mwaka mmoja wakati bado unaingia kazini kila siku anakuambia utasoma karibu saa 70 kwa wiki. Hakuna mtu wa namna hiyo Ilagala, na hakuna chuo halali kinachoamini yupo. Kama hutaki kwenda mbio hizo, chagua chuo kinachoruhusu kusoma polepole kwa miaka zaidi.

Baada ya hapo jopo hutazama maktaba na vitabu vya kidijitali, kasi ya intaneti, maabara, vyoo, mabweni, huduma kwa wenye ulemavu, hati za ardhi, hesabu zilizokaguliwa. Hutazama kama Baraza la Chuo na Seneti vinakutana kweli au vipo kwenye karatasi. Hutazama mitihani: inatungwaje, inatunzwaje, watahini wa nje wanaitwa au la, na rekodi za matokeo zinaweza kuchezewa au haziwezi. Sehemu ya mitihani haina mvuto kwa mgeni anayetembelea chuo, lakini ndiyo inayoamua kama cheti chako kitaaminika baada ya miaka kumi. Chuo kizuri cha majengo kinachovujisha mitihani ni kibovu kuliko chuo cha mabati kinachoitunza.

Chuo cha masafa hupimwa kwa vigezo hivyo hivyo pamoja na vya nyongeza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, kina kituo cha mkoa Kigoma, na kwa mtu wa Ilagala asiyetaka kuacha kazi ndicho kilicho karibu zaidi. Katika chuo cha namna hii wapimaji huuliza: moduli za kusomea zipo na ni za karibuni? Mwanafunzi aliye mbali anamfikiaje mwalimu? Mitihani inasimamiwaje kituoni? Nawe uliza hivyo hivyo, ukiongeza swali la mtandao wa simu nyumbani kwako, kwa sababu Tume haitapima mnara wa kijiji chako.

Ithibati haiombwi mara moja ikaisha. Mitaala hupitiwa upya na vyuo hukaguliwa kwa vipindi, kwa kawaida kila miaka mitano, na Tume inaweza kufanya ukaguzi wa ghafla. Kwa hiyo cheti cha ithibati kilichotundikwa ukutani kisomwe tarehe zake.

Kampasi ya Kigoma

Mkoa wetu una mfano unaoendelea mbele ya macho yetu. Chini ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, serikali iliamua kupeleka kampasi za vyuo vikuu vya umma katika mikoa ambayo haikuwa nazo. Kigoma ilipangiwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS.

MUHAS si chuo kichanga. Kilianza 1963 kama Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, kikawa kitivo cha Chuo cha Dar es Salaam 1968, chuo kishiriki 1991, na chuo kikuu kamili 2007. Lakini jina hilo zito haliipi kampasi ya Kigoma ithibati kwa urithi. Kozi yoyote ya afya itakayofundishwa hapa inapimwa kama ilivyo hapa: walimu wangapi wamekubali kuhamia Kigoma, maabara ina vifaa gani, mwanafunzi atajifunzia wapi kwa mgonjwa halisi. Katika fani za afya hospitali ya mafunzo ni sehemu ya upimaji, na kwa Kigoma macho yataelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni: ina vitanda vingapi, mabingwa wangapi, idara zipi. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Afrika Mashariki pia hufanya ukaguzi wa pamoja wa shule za udaktari, ili daktari aliyesomea nchi moja akubalike nyingine.

Kwa hiyo mzazi au mfanyakazi wa Ilagala akiona jengo limekamilika, asihesabu kozi imekamilika. Asubiri jina la kampasi na jina la kozi vionekane katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika.

Chuo kinapoanguka

Yaliyotokea miaka ya karibuni yanaonyesha kuwa tofauti kati ya chuo, tawi na kozi si maneno ya wanasheria. Mwanzoni mwa 2016 TCU ilizifungia kampasi za Songea na Arusha za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Chuo chenyewe Dar es Salaam hakikufungwa. Wanafunzi wawili wenye sare ya jina moja wakaamka siku moja na hatima mbili.

Mwaka uliofuata, Julai 2017, baada ya uhakiki wa vyuo nchini, Tume ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/2018, na katika vyuo vingine 22 ikasimamisha udahili wa kozi 75. Tazama vizuri sehemu hiyo ya pili. Vyuo vile 22 viliendelea kuwa vyuo halali, vikifundisha na kutoa shahada. Mtu aliyeuliza tu kama chuo kimesajiliwa angejibiwa ndiyo, na jibu lingekuwa la kweli, na bado angejiandikisha katika kozi iliyozuiwa.

Zuio la kudahili si sawa na kufutwa. Kwa kawaida hulenga wanafunzi wapya, huku wanaoendelea wakiruhusiwa kumaliza au kuhamishwa, na chuo kikirekebisha kasoro zuio huondolewa. Wenzetu wa Uganda walipata somo la aina hiyo Mei 2023, pale orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ilipoonyesha kozi nyingi, zikiwemo za Makerere, ambazo muda wake wa kupitiwa upya ulikuwa umepita. Wahitimu waliingiwa na hofu ya vyeti vyao, na Baraza likalazimika kufafanua kwamba kozi inayosubiri kupitiwa upya si kozi bandia. Nadhani ufafanuzi ule ungetangulia orodha, kelele zisingekuwepo.

Pia usichanganye cheti kisicho na ithibati na cheti cha kughushi. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli huko Dodoma iliwataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na walioondolewa kazini tunawafahamu hata katika vijiji vyetu. Hao waliondolewa kwa udanganyifu wao wenyewe. Aliyesoma kwa uaminifu katika kozi isiyoidhinishwa hakughushi chochote. Bahati mbaya ni kwamba mbele ya afisa utumishi wote wawili wanaweza kurudi nyumbani bila kubadilishiwa kada.

Namna ya kujihakikishia ukiwa Ilagala

Kila mwaka kabla ya udahili TCU hutoa vitabu vya mwongozo, kimoja kwa wenye sifa za kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada na sifa zinazolingana. Vinapatikana bure katika tovuti ya Tume, tcu.go.tz, na vinasomeka kwenye simu. Kama bando ni tatizo, mwombe mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta akupakulie. Ndani yake tafuta jina la chuo, kisha kampasi, kisha kozi. Mbele ya kozi utakuta alama yake ya utambulisho, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Ukiambiwa miaka miwili na kitabu kinasema mitatu, amini kitabu. Kozi ikiwa haimo kabisa, usikubali maelezo ya mdomo kwamba "imesahaulika". Kozi za uzamili hazimo katika vitabu hivi. Tafuta orodha ya kozi zilizoidhinishwa katika tovuti hiyo hiyo, au andika barua pepe kwa Tume ukitaja chuo, kampasi na kozi, na uhifadhi jibu.

Sifa zako mwenyewe pia ni sehemu ya ithibati, ingawa wengi huzipuuza. Mwenye kidato cha sita anahitaji kwa ujumla alama kuu mbili zenye jumla isiyopungua pointi 4.0, na mwenye stashahada wastani usiopungua 3.0, pamoja na masharti ya kozi yenyewe. Chuo kinachokupokea chini ya kiwango hakikufanyii wema. Majina ya wanaodahiliwa hupelekwa TCU kuhakikiwa, na asiye na sifa huishia kusoma bila kutambuliwa. Asiyefikia sifa hizo ana njia halali: programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, au mtihani wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao TCU inausimamia. Fundi au bwana shamba mwenye uzoefu wa miaka mingi aifikirie njia hii ya pili kwa uzito.

Kwa mtumishi wa umma, barua ya udahili itangulie kwa afisa utumishi kabla ya ada kwenda benki. Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi, na kozi iwe inayohusiana na kada unayoitaka. Si mara chache mtu kusoma kozi iliyoidhinishwa kikamilifu na kukuta muundo wa utumishi wa kada yake hauitambui.

Wanaovuka ziwa au mpaka kwenda kusoma Bujumbura, Kalemie au Bukavu, na wanaosoma kwa mtandao katika vyuo vya mbali, wanahitaji hatua ya ziada. Kabla ya kuondoka omba TCU barua ya kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, peleka cheti chako kikatambuliwe na Tume. Vyeti vya sekondari vya nchi nyingine hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Burundi na Kongo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala linafanya kazi ya kuoanisha viwango. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo halijafuta hatua ya kutambuliwa cheti. Usilitegemee mbele ya mwajiri.

Ukiwa tayari unasoma, tunza barua ya udahili, risiti zote za ada, matokeo ya kila muhula na maelezo ya kila somo. Chuo kikifungiwa, nyaraka hizo ndizo zitakazokuwezesha kuhamisha krediti zako. Ukitegemea rekodi za chuo kilichofungwa utazungushwa.

Sehemu yako katika upimaji

Mfanyakazi hupimiwa vyuo, lakini yeye pia ni mpimaji bila kujijua. Wanafunzi wa fildi hufika katika zahanati, shule, ofisi za kata na mashamba yetu, na chuo humpa msimamizi wa kazini fomu ya kujaza. Fomu hizo huwekwa kwenye jalada, na jopo la ithibati huzitazama kama ushahidi kwamba mafunzo kwa vitendo yalifanyika. Tabia ya kumwekea kila mwanafunzi alama za juu "ili tusimharibie" inaliambia jopo kuwa chuo hakina kasoro. Kama mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu hajui kupima shinikizo la damu, andika hivyo. Hujamharibia yeye, umemsaidia anayekuja nyuma yake, na mgonjwa wa Ilagala atakayemkuta.

Vivyo hivyo madodoso ya wahitimu na waajiri. Chuo kinapopitia mtaala hutakiwa kitafute wahitimu wake na kuwauliza walichofundishwa kiliwafaa nini kazini. Wengi wetu hatujibu. Kisha tunalalamika kwamba mtaala wa kilimo hauna neno juu ya mchikichi wakati kituo cha utafiti cha Kihinga kiko hapa hapa mkoani.

Ukiwa na lalamiko juu ya chuo, anza na chuo kwa maandishi, kisha Tume kwa maandishi. Taja kozi, kampasi, mwaka, na jambo lililotokea. Acha maneno ya hasira. Na kama dirisha la udahili liko wazi, anayekuandikisha anakuharakisha, na bado hujaiona kozi yako kwa macho yako katika mwongozo wa TCU au orodha ya NACTVET, usilipe.